Mvua Tunaiomba, Je, Chombo Tumekitega?

Mwishoni mwa mwaka 2022, mvua za vuli zilipochelewa, sisi waumini wa Fukayosi tulikusanyika kuswali Swala ya Istisqaa, tukimuomba Allah (s.w.) atuteremshie mvua. Tulipomaliza, mzee mmoja wa safu ya mbele aliuliza: "Wanangu, ikinyesha tutaiweka wapi?" Hakuna aliyejibu. Paa la msikiti wetu halikuwa na mfereji hata mmoja.

Kila twendapo Bagamoyo mjini tunavuka mto Ruvu, utokao milima ya Uluguru na kuingia Bahari ya Hindi. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku. Oktoba 2022 mto ulipungua hata uzalishaji ukashuka hadi lita milioni 300, na DAWASA ikatangaza mgao. Mwaka mmoja baadaye ikaja vuli ya El Niño, na sehemu nyingi za nchi zikakumbwa na mafuriko.

Vipi ukame na mafuriko vifuatane hivyo? Allah (s.w.) ameyawekea maji mzunguko: jua huinua mvuke, upepo husukuma mawingu, mvua hushuka, mito huyarejesha maji baharini. Hewa ikizidi joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Kwa hiyo hukausha udongo upesi, na mawingu yakifunguka humwaga maji mengi kwa muda mfupi.

Hapo ndipo msitu unapohitajika. Ardhi yenye miti huinywa mvua, kisha huitoa kidogo kidogo kupitia chemchemi hadi kiangazi. Ardhi iliyofyekwa huyapitisha maji juu kwa juu. Mto ukafurika leo, ukakauka baada ya miezi michache. Sehemu kubwa ya joto hili imetokana na viwanda vya nchi tajiri, lakini matanuri ya mkaa yaliyo katika mapori yetu tumeyajenga wenyewe.

Serikali inajenga bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, ili Ruvu utiririke hata wakati wa kiangazi. Hicho ni chombo cha taifa. Chombo cha nyumba na cha msikiti ni juu yetu.

Kamati yetu ilichangisha fedha, tukafunga mifereji na kuweka tangi. Pia tuliwakumbusha waumini kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichofika lita moja. Sisi tulikuwa tukiacha bomba wazi huku tukizungumza. Sasa tunatumia birika.

Tunawaomba wazazi wawafundishe watoto haya nyumbani: kutega maji ya paa, kutawadha bila israfu, kupanda mti na kuutunza. Kupanda mti ni sadaka, kila kiumbe kinapokula katika mazao yake.

Vuli ya 2023 tangi letu lilijaa kwa usiku mmoja. Alfajiri, wa kwanza kutawadha kwa maji yale alikuwa mzee wetu. Hakusema neno, aliijaza birika nusu, akaifunga koki.

Wabillahi tawfiq.