Usimulizi wa Kidijitali na Sauti ya Mwanafunzi

Makala haya yanakusudia kueleza namna usimulizi wa kidijitali unavyoweza kumfaa mwalimu wa Kiswahili. Huo ni usimulizi mfupi ambao msimulizi huutunga mwenyewe, huusoma kwa sauti yake, kisha huuambatanisha na picha chache kwa kompyuta au simu. Njia hii ilianza California katika miaka ya 1990, katika warsha za Joe Lambert na Dana Atchley. Mwaka 2001 Daniel Meadows aliieneza Wales pamoja na BBC, kwa kanuni ya maneno 250 hivi, picha kama kumi na mbili na dakika mbili.

Ufupi huo una faida yake. Mwanafunzi hulazimika kuchagua tukio moja na kuacha mengine. Tena, akijisikiliza, huitambua sentensi isiyotamkika, akaiandika upya bila kuamrishwa.

Lakini kwetu Kongo kuna suala zito zaidi: asimulie kwa Kiswahili kipi? Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, ila Kiswahili cha Lubumbashi au Bukavu sicho kile cha vitabu vya sarufi. Mathalani, mwanafunzi wa Lubumbashi humwita mzazi wa mama yake *nkambo*. Tukimsahihisha aseme *bibi*, nyumbani kwao watasikia kwamba anamtaja mke. Mwalimu akikosoa kila neno, mwanafunzi atanyamaza, na chombo hakitakuwa na cha kurekodi. Asipokosoa lolote, atamnyima lugha ya mtihani na ya kazi.

Twapendekeza basi hatua mbili. Kwanza, wanafunzi waketi duara, kila mmoja asimulie kwa Kiswahili cha kwao, wenzake wamwulize maswali. Hatua hii haihitaji umeme wala chombo, nayo hurudisha jambo ambalo chombo hakina, yaani msikilizaji anayeitikia. Pili, waandike: maneno ya msimulizi yawe sanifu, ya wahusika yabaki kama yalivyotamkwa. Hapo simu moja yatosha kurekodi kundi zima.

Kwa ufupi, chombo hakifundishi lugha. Kinachofundisha ni kazi ya kupima, neno kwa neno, lipi libaki la nyumbani na lipi liwe la shule. Mwanafunzi aliyeifanya kazi hiyo amekwisha kuanza isimu.