Friji yenye skrini au friji yenye inveta?

Mwaka 2000 LG walileta sokoni friji ya intaneti, Internet Digital DIOS, kwa bei iliyozidi dola 20,000. Watu waliitazama, wakashangaa, wakaenda zao. Mwaka 2016 Samsung wakaja na Family Hub: skrini kubwa mlangoni, kamera ndani, bei karibu dola 6,000 huko Marekani. Bei imeshuka sana, lakini mnunuzi wa Dar es Salaam bado ana haki ya kuuliza: hiyo akili inanipa nini?

Nianze na umeme, maana friji hulipiwa mara mbili, dukani na kwenye LUKU. Mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti; ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Ndiyo maana elfu moja hutoa uniti 2.8. Friji ya milango miwili ya ukubwa wa kati, yenye inveta, hula kama uniti 250 kwa mwaka, yaani shilingi 89,000. Lile jokofu kubwa la milango minne lenye skrini na mashine ya barafu hukaribia uniti 700, kama shilingi 249,000. Kusema kweli, kinachokula zaidi ni ukubwa, si skrini. Ila friji ndogo zenye skrini ni nadra.

Kwa mteja wa D1, yaani wa matumizi madogo ya nyumbani, hesabu inauma zaidi. Yeye hulipa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo ni 350. Friji ya kwanza itamlia uniti 21 kwa mwezi. Ya pili 58, abakiwe na 17 za taa, feni, pasi na televisheni. Hapo hakuna mjadala.

Akili yenye faida imo nyuma ya friji, kwenye kompresa. Ya kawaida inajua mawili tu: kuzunguka kwa nguvu zote au kuzima. Yenye inveta hupunguza mwendo baridi ikitosha, na huwaka polepole bila kuvuta umeme mwingi kwa mkupuo, jambo ambalo mwenye sola au jenereta atalishukuru. Kasoro yake ni bodi ya umeme: umeme ukirukaruka huungua, na bei yake haifanani na ya kujaza gesi. Stabilaiza si anasa.

Kamera je? Mwaka 2024 Samsung walitangaza kwamba yao inatambua hadi aina 33 za vyakula vibichi. Sawa. Lakini jikoni kwetu chakula hulala ndani ya sufuria lililofunikwa, na lile kopo la aiskrimu lina maharage. Kamera haioni ndani ya kopo, na watoto wanajua hilo.

Tena skrini ina mwenye nayo mwingine. Mwaka 2015 wataalamu wa usalama wa Pen Test Partners walionyesha udhaifu katika friji moja ya Samsung uliotosha kumwibia mtu nywila ya Gmail. Mwaka 2025 Samsung walianza kujaribu matangazo ya biashara kwenye skrini za Family Hub huko Marekani, kwenye friji ambazo watu walikwishalipia. Na friji njema hudumu miaka 10 hadi 15. Programu hazina subira hiyo.

Uamuzi wangu: lipia inveta, mpira wa mlango unaobana vizuri, na chapa ambayo fundi wako anapata vipuri vyake mjini. Ukifika dukani usianze na Wi-Fi. Tafuta lebo ya matumizi ya umeme, soma uniti kwa mwaka, zidisha kwa 356, gawa kwa 12, kisha ongeza kidogo, kwa sababu lebo hupimwa maabara, na maabara haina joto la Februari wala mlango unaofunguliwa kila dakika.