Namna ya Kuusoma Utabiri wa Mwisho wa Juma Katika Msimu wa Vuli

Mvua za Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua kwa mwaka: pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba, nyanda za juu kaskazini mashariki, na ukanda wa Ziwa Victoria. Miezi hiyo ndiyo pia ya mahafali, harusi na safari za kufunga mwaka, na shughuli hizo nyingi hupangwa Jumamosi na Jumapili. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuusoma utabiri, ili mtumiaji wa huduma za usafiri aamue mapema, kabla hajalipa nauli na kabla chombo hakijang'oa nanga.

Rangi na maana zake

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa taarifa ya mwelekeo wa hali mbaya ya hewa kwa siku 5. Kwa hiyo taarifa ya Jumatano humwonyesha msomaji Jumamosi na Jumapili zinazofuata. Rangi ya njano humaanisha angalizo, ya chungwa humaanisha tahadhari, na nyekundu humaanisha tahadhari kubwa. Rangi hizo hutokana na mambo mawili yanayopimwa kwa pamoja: uwezekano wa hali hiyo kutokea na ukubwa wa athari zake. Jambo lenye uwezekano mdogo laweza kupewa onyo iwapo likitokea litadhuru watu wengi. Asiyejali rangi ya njano kwa kuwa si nyekundu huwa amesoma nusu ya taarifa.

Milimita 50 ni maji kiasi gani?

Mvua huitwa kubwa inapozidi milimita 50 kwa saa 24. Kila milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 litapokea lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Jumlisha mapaa yote ya mtaa, barabara na viwanja vilivyosakafiwa, ndipo utaelewa kwa nini mfereji mmoja hufurika kwa muda mfupi.

"Baadhi ya maeneo"

Maneno haya yana maana kwamba mvua haitanyesha kila mahali. Ukipata jua kwako, utabiri haujawa uongo. Huenda jirani wa kata ya pili amelowa. Tena, maji hayakai yaliponyeshea. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh, mkoani Manyara, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Anayeishi au kusafiri chini ya mlima, au kando ya mto, asome pia utabiri wa maeneo ya juu yake.

Ziwani na baharini

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Pepo zitokazo pande za nchi kavu hukutana juu ya Ziwa Victoria, huinua hewa yenye joto na unyevu, na mawingu ya radi huundwa. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwa hilo hutokea usiku na alfajiri. Kwa upande wa bahari, taarifa ikitaja upepo mkali wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, abiria wa chombo kidogo aahirishe safari. Nahodha akikataa kuondoka, asishinikizwe.

Tunashauri

• Kabla ya kulipa, uliza: safari ikiahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, nauli itarejeshwa au itahamishiwa siku nyingine? Tunza tiketi au risiti yako.

• Soma taarifa tena Ijumaa jioni, kwa kuwa utabiri wa siku iliyo karibu huaminika zaidi. Hakikisha ina tarehe na imetoka TMA; picha ya onyo la zamani husambazwa upya kwa urahisi katika simu.

• Usivuke barabara iliyofunikwa na maji yaendayo kasi. Kina cha sentimita 30 chaweza kuliinua gari dogo.

• Ukisikia radi, ingia ndani ya jengo. Usijikinge chini ya mti. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Sherehe hupangiwa siku nyingine, na nauli iliyopotea hutafutwa tena. Uhai haupangiwi siku nyingine. Tunamwomba kila msafiri aupime uamuzi wake kwa mizani hiyo.