Baruti Ikilipuliwa Jirani, Je, Msingi wa Nyumba Uko Salama?

Baruti inapotumiwa kupasua miamba ili kujenga barabara au kuchimba mawe, wakazi wa karibu huuliza: je, mitetemo hiyo inaweza kuharibu msingi wa nyumba? Inaweza, lakini kwa kawaida msingi si sehemu ya kwanza kuumia.

Mtetemo husafiri ardhini na kupungua kadiri unavyokwenda mbali. Ukubwa wake hutegemea kiasi cha baruti kinacholipuka kwa mara moja, umbali na aina ya ardhi. Ndiyo maana mafundi hulipua shimo moja baada ya jingine, yakipishana kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mshindo wa hewani nao hutikisa madirisha na mabati, hata pale ardhi inapotetemeka kidogo tu.

Msingi hushikiliwa na udongo, hivyo nyufa huanza kuonekana kwenye plasta, hasa pembeni mwa milango na madirisha. Msingi ukipasuka huku plasta ikiwa nzima, huenda chanzo ni kingine: udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, au maji yanayotuama ukutani.

Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009 zinasema mtetemo usizidi sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa eneo la kazi. Utafiti wa serikali ya Marekani wa mwaka 1980 ulipendekeza kikomo cha sentimita 1.27 kwa nyumba kuukuu zenye plasta. Kikomo cha Kenya kikizingatiwa, nyumba imara haitarajiwi kupasuka. Hatari huja kinapovukwa, au nyumba inapokuwa dhaifu tangu awali.

Wakazi wanashauriwa:

• Kabla ya kazi kuanza, pigeni picha za kuta, sakafu na msingi, zikiwa na tarehe. Bila picha hizo, ni vigumu kuthibitisha kuwa ufa ni mpya.

• Mwombeni mkandarasi akague nyumba mkiwepo, na mbaki na nakala ya ripoti.

• Andikeni tarehe na saa ya kila mlipuko. Wekeni alama ya penseli na tarehe mwisho wa kila ufa ili kujua kama unaendelea.

• Ombeni kuonyeshwa vipimo vya mitetemo.

Malalamiko yapelekwe kwa afisa wa mazingira wa kaunti au ofisi ya NEMA. Vibali vya baruti hutolewa na serikali ya kitaifa chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Ukuta ukianza kuinama, ondokeni kwanza, kisha ripotini.