Je, Wajua? Miguu na Matanga ya Kimisri cha Kale

Je, wajua kuwa vitenzi vya mwendo katika Kimisri cha kale vilikuwa na njia yao ya kueleza jambo lililopita? Kitenzi kama "kusikia" kiliongezewa *n* baada ya shina. Lakini "kuja" na "kwenda" kwa kawaida vilichukua umbo la hali: mtu amekwisha kuja, yupo.

Vitenzi vingi vya mwendo viliandikwa pamoja na mchoro wa miguu inayotembea. Miguu ikigeuzwa upande wa pili, maana ni kurudi nyuma. Kinachovutia zaidi ni vitenzi vya safari za Mto Nile. Kusafiri kwenda kusini, dhidi ya mkondo, kulichorewa chombo kilichotweka tanga, maana upepo wa huko huvuma kutoka kaskazini. Cha kwenda kaskazini hakikuwa na tanga: kilichukuliwa na maji.