Gego Limeng'olewa, Pua Imepasuliwa: Lini Rubani Arudi Angani?

Askari hufundishwa kuvumilia. Astahimiliye jua, njaa na usiku mrefu wa lindo husifiwa kikosini, na sifa hiyo ni haki yake. Hata hivyo yako maumivu ambayo kuyaficha hakumletei askari heshima yoyote: ni yale ya rubani aliyeng'olewa gego juzi, au aliyepasuliwa ndani ya pua wiki iliyopita, akapanda ndege leo kwa kuona haya kumwambia daktari kwamba bado hajapona. Chini ya ndege yake wako raia, na nyuma yake wako abiria au wenzake wa kikosi. Maisha ya wote hao yamewekwa mikononi mwake.

Kanuni ya kimataifa ya usafiri wa anga wa kiraia iko wazi katika jambo hili. Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 humkataza mwenye leseni ya urubani kufanya kazi hiyo pale anapotambua kwamba afya yake imepungua kiasi cha kumzuia kuitimiza kwa usalama. Kwa hiyo rubani mwenyewe ndiye mlinzi wa kwanza wa lango. Daktari hawezi kuzuia asichoambiwa.

HEWA ILIYOFUNGIWA NDANI YA MIFUPA

Mifupa ya uso wa binadamu si mizito kama jiwe. Ndani yake mna mashimo yenye hewa, ambayo matabibu huyaita sainasi. Yako ya paji la uso, yako yaliyo kati ya macho, na yaliyo makubwa kuliko yote yamo ndani ya mashavu. Kila shimo lina kijitundu chembamba kinachoingia puani, na kwa kupitia hapo hewa huingia na kutoka.

Mwaka 1662 mwanasayansi Robert Boyle, mzaliwa wa Ayalandi, alitangaza kwamba hewa ikipunguziwa kanieneo, yaani nguvu inayoisukuma kutoka nje, huvimba. Na ikiongezewa, hunywea. Hayo ndiyo yanayotokea ndani ya uso wa msafiri wa anga. Katika mwinuko wa mita 5,500 hivi, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya ufukoni mwa bahari. Ndege kubwa za abiria hujaza hewa ndani yake, lakini hazirudishi hali ya ufukoni: abiria huwa kama amekaa juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Katika mwinuko huo wa mwisho, hewa iliyofungiwa huongezeka ukubwa kwa karibu theluthi moja. Helikopta na ndege nyingi ndogo hazina hata kinga hiyo.

Kijitundu kikiwa wazi, hewa hupita na msafiri hahisi kitu. Kikiwa kimezibwa na uvimbe, damu iliyoganda au kamasi, hewa haina pa kupitia. Ndege inaposhuka, shimo hufyonza ngozi laini iliyo ndani yake, na ngozi hiyo huweza kuvimba au kutoka damu. Maumivu yake ni kama ya msumari uliopigwa juu ya jicho. Humpata rubani katika dakika ambazo macho, masikio na mikono yake vyote vinatakiwa kazini: wakati wa kutua.

UJIRANI WA GEGO NA SHAVU

Gego la mwisho, ambalo wengine huliita jino la hekima, huota mtu akiwa kijana mkubwa, mara nyingi kati ya miaka 17 na 25. Huo ndio umri wa kuingia jeshini na polisi. Likikosa nafasi huota upande, hushika uchafu na kuoza, au huvimbisha ufizi.

Mizizi ya magego ya juu iko jirani sana na sainasi ya shavu. Pengine huitenganisha karatasi tu ya mfupa. Gego la juu linapong'olewa, ukuta huo mwembamba huweza kutoboka, pakawa na njia kati ya kinywa na sainasi. Dalili zake zatambulika: mgonjwa akinywa maji hutokea puani, au husikia hewa ikipita penye pengo. Tundu dogo mara nyingi hujifunga lenyewe. Lililo kubwa hushonwa na daktari. Rubani mwenye tundu hilo hana ruhusa ya kuruka mpaka daktari aone kwamba limefunga kabisa.

Gego la chini lina shida zake. Taya huweza kukaza hata mtu ashindwe kupiga miayo ili kuzibua masikio, na mdomo wa chini huweza kufa ganzi. Asiyeweza kufungua kinywa vizuri atasemaje kwa redio? Na asiyehisi mdomo wake atajuaje kama kinyago cha hewa ya oksijeni kimeshika sawasawa?

SIKU ZA KUKAA CHINI

Kwa gego lililotoka bila taabu, madaktari wengi wa marubani hutaka siku moja hadi tatu za kukaa chini. Likiwa limepasuliwa na kushonwa, mapumziko hukaribia wiki nzima au kuzidi. Maumivu yanayoanza upya siku ya pili hadi ya nne, pamoja na harufu mbaya, huonyesha kwamba donge la damu limetoka na mfupa umebaki wazi. Hapo dawa ni kurudi kwa daktari, wala si kuongeza vidonge.

Upasuaji wa sainasi huhitaji subira zaidi. Zamani njia iliyojulikana sana ilikuwa kupasua juu ya ufizi na kutoboa mfupa wa shavu, kama walivyoeleza George Caldwell wa Marekani mwaka 1893 na Henri Luc wa Ufaransa mwaka 1897. Siku hizi upasuaji mwingi hufanywa kwa kupitisha puani kijibomba chenye taa, bila kukata uso. Kwa kuwa jeraha halionekani nje, mgonjwa hudhani amepona upesi. Ndani bado mna magaga na uvimbe. Abiria wa kawaida mara nyingi huambiwa asubiri wiki mbili hivi; rubani huweza kungoja wiki kadhaa, mpaka daktari achungulie ndani na kukuta njia zote ziko wazi.

Dawa nazo zina neno. Vidonge vikali vya maumivu vyenye kodini, na vingi vya mafua, huleta usingizi. Matone ya kuzibua pua huweza kuisha nguvu ndege ikiwa ingali juu. Rubani anayehitaji dawa ili aweze kuruka bado hajawa tayari kuruka.

MAMBO YA NYUMBANI

Hapa jamaa wana kazi kubwa. Siku ya kwanza mgonjwa apewe chakula laini kisicho moto: uji uliopoa, ndizi zilizopondwa, mchuzi wa vuguvugu. Asinywe kwa mrija, asivute sigara na asinywe pombe, kwani hayo huweza kung'oa donge la damu linaloponya pengo. Kuanzia siku ya pili asukutue polepole kwa kikombe cha maji ya vuguvugu yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Alale kichwa kikiwa juu ya mito miwili.

Aliyepasuliwa sainasi, au aliyetobokwa juu ya gego, asipenge kamasi mpaka daktari amruhusu. Chafya ikija, aipige kinywa kikiwa wazi. Asizibe pua na kusukuma hewa masikioni, ingawa marubani wengi wamezoea kufanya hivyo. Kupiga mbizi ni marufuku vilevile: mita 10 tu za maji huongeza kanieneo mara mbili, na askari wa majini wakumbuke hilo.

SIKU YA KURUDI KAZINI

Rubani aliye tayari hana maumivu, hana uvimbe, hapumui kwa shida, hatumii dawa za kulevya akili, na masikio yake huzibuka kwa kumeza mate tu. Akishapata idhini ya daktari, ni busara safari ya kwanza aende na mwenzake aliye mzima, na ndege ishuke taratibu. Maumivu yakianza wakati wa kushuka, ampe mwenzake usukani. Na kama hali ya anga yaruhusu, wapande tena kidogo, kisha washuke polepole zaidi.

Akumbuke pia kumweleza daktari maumivu yalianza lini. Jino lenyewe likiwa bovu, mara nyingi huuma ndege ikipanda. Sainasi ikiwa imeziba, meno ya juu huuma ndege ikishuka. Habari hiyo moja humwokolea daktari kazi ya kubahatisha, na humwokolea mgonjwa jino lisilo na kosa.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Angani kifo hicho hakimchagui mficha maradhi peke yake. Kamanda amsikilize rubani anayesema bado hajapona, wala asimhesabu kuwa mvivu. Mke wake naye asimharakishe kwa ajili ya posho ya safari. Wiki mbili tatu za kukaa chini hupita, na ndege itamkuta bado anaweza kuirusha.