Kingley Vale: Uhai Unaotegemea Malisho

Mingine kati ya miti ya yuu ya Kingley Vale, karibu na mji wa Chichester kusini mwa Uingereza, imezeeka hata matawi yake yameinama mpaka chini. Inahesabiwa miongoni mwa viumbe wakongwe kabisa nchini humo. Ndani mwake ni giza hata saa sita mchana, na chini yake hapaoti kitu. Majani yake huua ng'ombe na farasi, ingawa hayo hayo ndiyo yaliyotupatia dosetakseli, dawa ya saratani ya matiti.

Wageni huijia miti hiyo. Mimi, niliyekulia Kondoa nikichunga mbuzi, huwa napanda moja kwa moja hadi kwenye nyasi za mteremkoni.

Udongo wa pale ni mwembamba, umekalia mwamba wa chaki uliojengwa na magamba ya viumbe vidogo mno vya bahari ya kale. Maji hayatuami, rutuba ni haba, basi hakuna mmea unaonawiri kiasi cha kuwafunika wenzake. Katika nyanda za chaki, mita moja ya mraba yaweza kubeba aina 40 za mimea. Mwaga mbolea, na nyasi chache zenye nguvu zitazimeza nyingine zote.

Kati ya mimea hiyo umo mmoja wa jamii ya kunde, mfupi, wenye maua ya manjano. Kuna kipepeo wa rangi ya samawati iliyopauka ambaye viwavi wake hawali kingine. Kiwavi hutoa majimaji matamu, sisimizi wakayanywa, nao humlinda dhidi ya maadui. Akishageuka buu bwete, sisimizi humfukia udongoni.

Yote haya yanataka nyasi fupi zinazopenywa na jua. Ugonjwa wa miksomatosisi ulipoingia Uingereza mwaka 1953, sungura walikufa karibu wote. Nyasi zikarefuka, ardhi ikapoa, vichaka vikavamia miteremko ya chaki, na vipepeo wa aina kadhaa wakapungua vibaya.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani kuhifadhi ni kufunga lango na kuondoka. Kingley Vale ni hifadhi ya taifa ya mazingira asilia tangu mwaka 1952, na bado kondoo huletwa kulisha humo, huku watu wakikata vichaka kwa mikono. Mchungaji yeyote wa Kondoa angeielewa kazi hiyo bila kufafanuliwa: kulisha kupita kiasi huua malisho, na kutolisha kabisa pia huyaua.